PDU 60 kwa Miaka Mitatu: Mwongozo Kamili wa Kukilinda Cheti Chako cha PMP

Wengi ninaowaona wakihaha katika miezi ya mwisho ya cheti chao cha PMP, yaani cheti cha usimamizi wa miradi, si wavivu wa kujifunza. Wamehudhuria mafunzo kazini, wamesikiliza podikasti wakiwa safarini, wamemshika mkono kijana mpya wa timu mpaka akaielewa kazi. Kilichowaponza ni kwamba hawakuripoti PDU zao, yaani saa zinazodaiwa ili cheti kiendelee kuwa hai, au waliripoti saa za aina moja tu, na sasa mfumo unawadai saa za aina ambayo hawana. Ndiyo maana mwongozo huu utakaa zaidi kwenye mgawanyo wa saa na namna ya kuziripoti. Kozi zenyewe zimejaa kila mahali, hazihitaji mtu wa kukutafutia.

Nitaitumia PMP kama mfano mkuu kwa kuwa ndiyo inayoshikwa na watu wengi, kisha nitavigusa vyeti vingine vya PMI, taasisi inayoitoa.

Unadaiwa nini hasa

PMI, taasisi ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1969, inamtaka kila mwenye PMP akusanye PDU 60 katika kila mzunguko wa miaka 3. PDU moja ni saa moja ya kujifunza au ya kuitumikia taaluma. Haihitaji kuwa saa nzima: robo saa ni PDU 0.25 na nusu saa ni 0.5, hivyo webina ya dakika 45 inakuingizia 0.75.

Mzunguko unaanza siku uliyofaulu mtihani na unafungwa tarehe kama hiyo baada ya miaka 3. Zile saa 35 za mafunzo ulizozihitaji ili ukubaliwe kufanya mtihani hazimo humu, kwa sababu ulizipata kabla mzunguko haujaanza. Unaanza na sifuri.

Ukizigawa saa 60 kwa miezi 36 unapata saa 1 na dakika 40 kwa mwezi. Ni webina moja na sura moja ya kitabu. Ukiahirisha mwaka wa kwanza na wa pili, hesabu inapanda hadi saa 5 kila mwezi wa mwaka wa tatu. Hapo ndipo mtu anapoanza kununua kozi yoyote iliyo mbele yake.

Hatua ya kwanza: zielewe kapu mbili na pembe tatu

Hapa usiharakishe, kwa sababu hapa ndipo PDU za watu hupotea.

PDU zote zimegawanywa katika kapu mbili. Ya kwanza ni ya masomo, kwenye mfumo utaiona imeandikwa "Education". Ya pili ni ya kuitumikia taaluma, nayo imeandikwa "Giving Back". Kwa PMP, masomo yasipungue PDU 35. Kuitumikia taaluma kusizidi PDU 25. Kapu la kwanza lina sakafu lakini halina dari: ukitaka zote 60 ziwe za masomo, ruksa. La pili lina dari lakini halina sakafu: ukiliacha tupu, hakuna atakayekuuliza.

Ndani ya kapu la masomo kuna pembe tatu, ambazo PMI inaziita pembetatu ya vipaji. Majina yake yalibadilishwa mwaka 2022, kwa hiyo ukikutana na makala ya zamani yenye majina mengine usishangae. Ya kwanza ni "Ways of Working", yaani mbinu za kuiendesha kazi yenyewe: ratiba, bajeti, vihatarishi, mahitaji, Agile (kuendesha mradi kwa awamu fupifupi), utaratibu mseto. Ya pili ni "Power Skills", stadi za kuishi na watu: mawasiliano, kusuluhisha migogoro, kuongoza timu, kujadiliana na wadau. Ya tatu ni "Business Acumen", uelewa wa biashara: mkakati wa taasisi, faida inayotarajiwa, sheria na kanuni, soko, jinsi mradi unavyobeba malengo ya anayeulipia.

Kila pembe inadai angalau PDU 8. Nane mara tatu ni 24. Ili kufika 35 zimebaki 11, na hizo unaziweka katika pembe yoyote unayotaka.

Sasa angalia mtego ulivyo. Msimamizi wa mradi kwa kawaida huvutwa na kozi za mbinu: programu mpya ya ratiba, Agile, uchambuzi wa data. Anamaliza mwaka wa pili akiwa na PDU 40 za "Ways of Working", 6 za "Power Skills" na 1 ya "Business Acumen". Jumla ni 47. Akiona hivyo hutulia, kumbe hata akizifikisha 60 kwa mtindo huohuo hawezi kuhuisha cheti. Anadaiwa 2 za watu na 7 za biashara, na hizo 40 za mbinu haziwezi kuhamishwa kuziba pengo.

Ushauri wangu ni kuianza pembe ngumu mapema. Kwa watu wengi pembe hiyo ni "Business Acumen", kwa kuwa hakuna mtu anayeamka asubuhi akiwa na hamu ya kusoma kuhusu tathmini ya faida za mradi. Zimalize hizo 8 ndani ya mwaka wa kwanza, kisha fuata unachokipenda.

Hatua ya pili: chora mpango wa karatasi moja

Chukua karatasi au faili la jedwali lenye safu tano: tarehe, shughuli, saa, pembe, mahali ushahidi ulipo. Juu yake andika tarehe mzunguko wako unapofungwa. Tarehe hiyo usiikisie. Ingia kwenye akaunti yako ya PMI, fungua ukurasa wa vyeti, uinakili kama ilivyo.

Mpango ninaoupendekeza kwa mtu mwenye kazi nyingi unakwenda hivi. Mwaka wa kwanza, PDU 20: nane za biashara, nane za watu, nne za mbinu. Ukifika hapo umeshaziondoa pembe mbili njiani. Mwaka wa pili, PDU nyingine 20: kozi moja ya maana ya mbinu, tuseme ya saa 14 au 15, na zilizobaki zitoke kwenye kuwafundisha wengine au kujitolea. Mwaka wa tatu, malizia 20 zilizobaki ndani ya miezi sita ya mwanzo, halafu uhuishe cheti bila presha.

Hesabu hiyo ina faida iliyojificha: saa za ziada unazopata katika miezi 12 ya mwisho wa mzunguko hazipotei zote. Kwa PMP unaruhusiwa kuvusha hadi PDU 20 kwenda mzunguko unaofuata, mradi zilipatikana katika miezi hiyo 12. Mwenye PDU 74 ambaye zile 14 za ziada alizipata mwaka wa tatu anaanza mzunguko mpya akiwa na 14 mkononi. Aliyezirundika zote 74 mwaka wa kwanza havushi hata moja. Kwa hiyo, kama una kozi kubwa ya siku tano unayoipania na hujaamua uifanye lini, iache ikae mwaka wa tatu.

Hatua ya tatu: chagua vyanzo vya masomo

PMI inazitambua njia tano za kujifunza. Hazina uzito sawa, nami sizipendekezi kwa usawa.

Kozi na mafunzo rasmi ndiyo njia kongwe. Kozi ya darasani, ya mtandaoni yenye mwalimu, somo la chuo kikuu, mafunzo ya ndani ya kampuni yako: vyote vinakubalika mradi mada ihusiane na usimamizi wa miradi au na mojawapo ya pembe zile tatu. Wako wakufunzi walioidhinishwa na PMI, na ukisoma kwao kuripoti ni rahisi kwa sababu kozi yao ina namba inayojaza fomu yenyewe. Lakini hulazimiki kusoma kwao. Hili nalisisitiza kwa sababu matangazo mengi yamejengwa juu ya hofu kwamba saa za mahali pengine zitakataliwa. Mafunzo ya saa 6 ya uandishi wa ripoti yaliyoandaliwa na idara yako ya rasilimali watu ni PDU 6, ukiwa na cheti cha kuhudhuria na ratiba ya siku. Hesabu muda wa kujifunza tu. Mapumziko ya chakula na foleni ya kujiandikisha viache nje.

Mikutano ya kitaaluma ni ya pili. Matawi ya PMI yaliyoenea duniani huandaa mikutano na mihadhara, na mara nyingi mkutano mmoja hutoa PDU 1 au 2. Taasisi nyingine zinazojadili mada zinazohusiana nazo zinakubalika. Faida ya mikutano hii ni watu utakaokutana nao kuliko idadi ya saa. Anayeitegemea peke yake atachelewa kufika 60.

Tatu ni mtandaoni: webina, podikasti, video za mafunzo. Hapa ndipo palipo na wingi. ProjectManagement.com, tovuti inayomilikiwa na PMI, ina maktaba kubwa ya webina zilizorekodiwa, na mwanachama anayezitazama akiwa ameingia kwa akaunti yake mara nyingi hukuta PDU zimeshaingizwa bila yeye kujaza fomu. Nasema mara nyingi, kwa hiyo baada ya siku chache rudi uhakikishe zimeingia kweli.

Neno moja kuhusu vifurushi vya "PDU 60 kwa mkupuo mmoja". Baadhi vimeandaliwa vizuri. Vingine ni video za kuachwa zikicheza huku mtu anapika. Kabla hujalipa, uliza swali moja tu: saa hizi zimegawanywaje kwa pembe tatu? Muuzaji asiyeweza kukujibu kwa namba, achana naye.

Nne ni kusoma. Njia hii watu huidharau, na kwangu ndiyo bora kwa pembe ya watu na pembe ya biashara. Saa moja ya kusoma kitabu, makala au ripoti inayohusiana na taaluma ni PDU 1. Haina gharama kama kitabu unacho tayari. Kinachohitajika ni ushahidi kwamba ulisoma, na ushahidi huo ni maandishi yako mwenyewe. Nitauonyesha hapo chini.

Tano ni kujifunza kusiko rasmi: mazungumzo yaliyopangwa na mtu aliyekuzidi uzoefu, kikao cha wataalamu wenzako cha kuchambua mradi uliokwisha, au kufundishwa kazi na mlezi wako wa kitaaluma. Iwe na mada na iwe na tarehe. Soga za kwenye korido hazimo.

Hatua ya nne: kapu la kuitumikia taaluma

Hapa una hadi PDU 25, na nyingine zinatokana na mambo unayoyafanya tayari.

Kazi yako ya kila siku yenyewe inahesabiwa. Ukiwa umeajiriwa katika nafasi inayotumia ujuzi wa cheti chako, unaruhusiwa kudai hadi PDU 8 kwa mzunguko mmoja. Hizi 8 zimo ndani ya zile 25. Ushahidi ni barua ya ajira au maelezo ya majukumu yako. Ziripoti mapema uzisahau.

Zinabaki 17. Unaweza kuzipata kwa kuandika makala au kuandaa somo, kwa kutoa mada mbele ya watu, kwa kumlea mtu mwingine kitaaluma, au kwa kujitolea, iwe katika tawi la PMI au katika shirika lisilo la faida linalohitaji mtu wa kuwasimamia mradi. Kujitolea ni kule kusiko na malipo. Ukilipwa, hiyo ni ajira.

Kuna watu huuliza kama saa za kapu hili zinaweza kuziba pembe iliyopungua. Haziwezi. Kima cha 8 kwa kila pembe ni cha masomo peke yake. Hata ukitoa mhadhara wa saa mbili kuhusu mkakati wa biashara, zile 8 za "Business Acumen" bado unadaiwa.

Hatua ya tano: ripoti siku hiyohiyo

Mfumo wa kuripoti unaitwa CCRS, na unaingia kwa jina na nywila ya akaunti yako ya PMI. Ukifika kwenye dashibodi utaona PDU ulizonazo, zilizobaki, na mgawanyo wa kila pembe. Izoee dashibodi hiyo.

Tuchukue mfano mmoja mpaka mwisho. Umehudhuria mafunzo ya siku moja kuhusu kuwashirikisha wadau, yenye saa 7 za darasani. Unabofya sehemu ya kuripoti PDU, unachagua kapu la masomo, kisha aina: kozi au mafunzo. Fomu itakuuliza jina la mtoa mafunzo, jina la kozi, maelezo mafupi, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na anwani ya tovuti au mtu wa kuwasiliana naye. Kwenye maelezo usiandike "mafunzo mazuri sana". Andika: "Mafunzo ya kuwatambua na kuwapanga wadau, kuandaa mpango wa mawasiliano, na kushughulikia upinzani wa wadau katika miradi ya mabadiliko." Anayekagua asome sentensi moja aone uhusiano na taaluma.

Kisha unagawa saa. Shughuli moja haifungwi katika pembe moja. Mafunzo haya yalikuwa na saa 2 za kuandaa mpango na rejista ya wadau, hizo ni mbinu. Saa 4 zilikuwa za majadiliano na kusuluhisha migogoro, hizo ni za watu. Saa 1 ya mwisho ilihusu jinsi maslahi ya wadau yanavyogusa faida inayotarajiwa na taasisi, hiyo ni ya biashara. Unaingiza 2, 4 na 1. Ratiba ya mafunzo ndiyo itakayokutetea, kwa hiyo igawe kwa mujibu wa ratiba. Usiigawe kwa mujibu wa pengo ulilo nalo. Mtu aliyepungukiwa PDU 7 za biashara hushawishika kuziandika zote 7 huko. Akikaguliwa, ratiba itamsuta.

Unatia alama ya kuthibitisha kwamba maelezo ni ya kweli, unatuma, na ukishapata jibu kwa barua pepe unalihifadhi.

Kazi yote hiyo haizidi dakika kumi ukiwa bado unakumbuka. Ukisubiri miezi minane, utaanza kutafuta jina la mkufunzi kwenye barua pepe za zamani, kiungo cha webina kitakuwa kimeondolewa, na tarehe utaikadiria.

Hatua ya sita: tunza ushahidi kama utakaguliwa kesho

PMI huchagua baadhi ya ripoti na kuzikagua. Wanaochaguliwa huombwa nyaraka. Kanuni inakutaka uzihifadhi kwa angalau miezi 18 baada ya mzunguko kufungwa, si mpaka siku unayolipa tu.

Tengeneza folda moja ya mzunguko mzima, na kila faili lipe jina linaloanza na tarehe, kisha saa, kisha pembe. Kwa mfano: 2025-03-12_1.5_watu_kitabu. Ukiombwa nyaraka, utazipata kwa mpangilio bila kufungua hata moja.

Kozi inahitaji cheti cha kuhitimu au risiti ya usajili pamoja na ratiba. Mkutano unahitaji barua au cheti cha kuhudhuria. Webina isiyotoa cheti, hifadhi barua pepe ya usajili na picha ya skrini inayoonyesha kichwa cha mada na muda wake. Mhadhara ulioutoa, hifadhi slaidi zako na tangazo la tukio. Kujitolea, omba barua mapema wakati waliokuona ukifanya kazi bado wapo ofisini.

Kusoma ndiko kunakowatatiza wengi, kwa hiyo hapa chini pana mfano wa ukurasa mmoja wa daftari la kusoma ulivyo:

"12 Machi, saa 2:15 hadi 3:45 usiku. Sura ya 4, kusikiliza kabla ya kujibu. Mwandishi anadai kuwa pande mbili zikibishana, kila upande hutetea hoja ambayo mwenzake hakuisema. Kwenye kikao chetu cha kila wiki tunafanya hivyo kuhusu bajeti. Nitajaribu: kabla ya kumjibu mtu wa fedha, nirudie hoja yake kwa maneno yangu mpaka akubali kwamba ndivyo alivyosema. Saa 1.5, pembe ya watu."

Ina tarehe, muda, sehemu iliyosomwa, kilichojifunzwa na kinapotumika. Kurasa tano za namna hiyo ni PDU 7.5, na zina thamani kuliko vyeti vingi vya video. Uandishi huo unaufanya mwishoni mwa kila kikao cha kusoma, mtu asikudanganye kwamba unaweza kuutengeneza baadaye kwa kumbukumbu.

Ukiwa na cheti zaidi ya kimoja, au kisicho PMP

PgMP ya programu, PfMP ya jalada la miradi na PMI-PBA ya uchambuzi wa biashara zinafuata hesabu ileile ya 60. PMI-ACP ya Agile, PMI-RMP ya vihatarishi na PMI-SP ya ratiba zinataka PDU 30 kwa miaka 3: masomo yasipungue 18, kila pembe isipungue 4, na kuitumikia taaluma kusizidi 12, ambazo 4 kati yake zinaweza kutoka kwenye kazi ya kila siku. CAPM, ambayo zamani ilikulazimu kurudia mtihani baada ya miaka 5, sasa inataka PDU 15: masomo 9, kila pembe 2, kuitumikia taaluma kusizidi 6.

Habari njema ni kwamba saa moja inaweza kuhesabiwa kwenye vyeti viwili. Mwenye PMP na PMI-ACP halazimiki kukusanya 90. Ila pembe ya mbinu ina masharti: kwa vyeti vya fani maalumu, saa za "Ways of Working" lazima ziwe za fani hiyo. Kozi ya Agile inaingia PMP na PMI-ACP kwa pamoja. Kozi ya kuandaa ratiba inaingia PMP na PMI-SP, lakini PMI-ACP haiitambui. Saa za watu na za biashara hazina ubaguzi huo. Kwa hiyo mwenye vyeti viwili achague kozi za mbinu kwa kukiangalia kile cheti chembamba, PMP itajipatia zake humohumo.

Wenye CSM, cheti cha Scrum (mojawapo ya mbinu za Agile) kinachotolewa na Scrum Alliance, wanafahamu kwamba huko mzunguko ni wa miaka 2 na saa zinazodaiwa ni SEU 20. Ni mfumo tofauti wenye fomu zake, lakini hakuna kinachokuzuia kulitumia darasa moja la Agile huku na kule.

Hatua ya saba: huisha, lipa, au ujue kinachokungoja

PDU zikitimia na pembe zote zikiwa sawa, mfumo unakufungulia ombi la kuhuisha. Unakubali upya kanuni za maadili na unalipa ada, ambayo kwa PMP imekuwa dola 60 za Marekani kwa mwanachama wa PMI na dola 150 kwa asiye mwanachama. Angalia kiwango kwenye ukurasa wa malipo siku unayolipa. Kufikisha PDU 60 bila kulipa hakuhuishi kitu, na wapo wanaokwama hapa kwa kudhani mfumo utajiendesha wenyewe.

Tarehe ikipita kabla hujakamilisha, cheti kinasimamishwa kwa mwaka mmoja. Katika kipindi hicho hupaswi kujitambulisha kuwa una PMP: iondoe kwenye saini ya barua pepe, kwenye wasifu wa mtandaoni na kwenye zabuni. Bado unaweza kuokoka kwa kumalizia PDU zilizopungua na kulipa. Lakini kuna gharama ambayo watu hawaioni: mzunguko unaofuata hausogezwi mbele. Tuseme mzunguko wako ulifungwa 30 Juni 2025, ukasimamishwa, ukajikomboa mwisho wa Aprili 2026. Mzunguko mpya bado unafungwa 30 Juni 2028. Umebakiwa na miezi 26 ya kutafuta PDU 60, huku mwenzako aliyewahi alikuwa na 36.

Mwaka wa kusimamishwa ukiisha bila kitu, cheti kimekufa. Kukirudisha ni kuomba upya, kulipa ada ya mtihani na kukaa tena kwenye maswali 180.

Kwa aliyestaafu kazi ya kusimamia miradi ipo njia nyingine. Mtu aliyekuwa na cheti hai kwa miaka 10 mfululizo na ambaye haishi tena kwa kipato cha kazi hiyo anaweza kuomba hadhi ya mstaafu, akaachana na habari za kukusanya PDU.

Ukishalipa, pakua cheti kipya, badilisha tarehe kwenye wasifu wako, kisha rudi kwenye dashibodi uhakikishe kama PDU za kuvuka zimevuka. Fungua folda mpya na faili jipya la jedwali lenye tarehe mpya juu yake. Folda ya zamani usiifute: kwa mzunguko uliofungwa 30 Juni 2025, inakaa mpaka mwisho wa Desemba 2026.